Wakili wa Baba Yake

Kazini kwake, hakuna aliyewahi kumnyamazisha kinyozi huyu. Wenzake walimpachika jina la Redio, na hakuna aliyepata kosa katika jina hilo. Akishafungua mlango asubuhi na kuchomeka mashine kwenye umeme, anaanza: mpira umekwendaje, nyanya zimepandaje bei, nani kahama kwa nani na kaacha nini nyuma. Na yote hayo aliyasema kwa lugha ya nchi ile, nchi ya watu, ambayo mama yake hakuijua wala baba yake hakuwahi kuisikia. Aliimudu mpaka wenyeji wakawa wanasahau kuwa ni mgeni. Alijua matusi yao ya heshima na matusi yao ya mtaani, na alijua lipi linamfaa nani. Mteja akishakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka na kufungwa shuka shingoni, hana pa kukimbilia. Atasikiliza tu.

Sasa mfuate mtu huyo huyo jioni. Anapangusa mashine kwa brashi, anafagia nywele, anapanda basi mpaka upande wa pili wa jiji, anakwea ngazi hadi ghorofa ya nne, anavua viatu mlangoni. Akishavua viatu, hajui neno hata moja la lugha ya nchi. Nisikilize vizuri: sikusema hapendi kuisema. Hajui. Hajui kushoto, hajui kulia, hajui hata ile salamu ambayo wanaijua mpaka watalii. Binti zake wawili walikua wakiamini hivyo, na ungewaambia vingine wangekuona umechanganyikiwa.

Unaweza kumhukumu ukitaka, ila kwanza sikia sababu yake.

Kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa, yeye na mkewe walikuwa wamepanga chumba karibu na fundi wa kuchomea vyuma, mtu wa kwao, mwenye watoto watatu. Nyumbani kwa fundi huyo, wazazi walisema Kiswahili na watoto walijibu kwa lugha ya nchi. Unamwambia mtoto njoo ule, mtoto anakuja, ila ulimi wake hauji. Fundi na mkewe walicheka tu, wakasema watakua watajifunza. Miaka ikapita. Siku moja fundi akaja kunyolewa, na siku hiyo hakutaka habari za mpira. Baba yake alikuwa amefariki huko nyumbani, na mwanawe mkubwa alikuwa amemuuliza babu alikuwa mtu wa namna gani.

"Nikakaa na mtoto," fundi akasema. "Nina maneno kifua tele, yote ya Kiswahili. Yeye hana hata moja la kuyapokelea. Na lugha yake mimi naijua ya kununulia misumari. Sasa nifanyeje? Nikamwambia, babu yako alikuwa mtu mzuri."

"Basi?"

"Basi. Mzee kaishi miaka themanini, kabaki mtu mzuri."

Kinyozi akamaliza kunyoa kichwa kile bila kusema kitu, jambo ambalo wenzake walilizungumza mpaka jioni. Usiku ule hakula vizuri. Mkewe, aliyekuwa mjamzito na miguu imevimba, akamuuliza kulikoni, naye akatoa hoja yake. Mtoto, alisema, hasemi lugha kwa mapenzi. Mtoto anaisema lugha akiwa na haja nayo. Yule wa fundi hakuwa na haja na Kiswahili, kwa sababu kila aliyemsemesha alielewa ile nyingine. Kwa hiyo ndani ya nyumba hii lazima awepo mtu mmoja ambaye bila Kiswahili hapatikani.

"Mtu huyo nitakuwa mimi," akasema.

Mkewe alikuwa mkunja mashuka kwenye dobi ya hoteli, mwanamke wa maneno machache, kwa sababu nyumba moja haiwezi kubeba redio mbili. Akamtazama sana.

"Na ukiugua? Na ukiitwa shuleni?"

"Atanisemea."

"Nani, mtoto?"

"Huyo huyo."

"Baba, unataka kumfanya mtoto mkongojo, na miguu unayo."

Lakini hakumzuia. Alimjua mumewe, akaona kwa mdomo ule mwezi hauishi kabla hajajifichua mwenyewe. Akakosea. Mtu akiamua kujitia hamnazo, kama ana sababu, anaweza kukaa nayo miaka kumi na moja.

Binti wa kwanza, kifungua mimba, akazaliwa, akaanza kusema, akaanza shule, akarudi na lugha ya nchi mdomoni kama watoto wote wanavyorudi. Mama yake alimjibu kwa Kiswahili lakini alielewa, na mtoto akajua anaelewa. Baba ndiye aliyekuwa ukuta. Mtoto anamwambia jambo kwa lugha ya shule, baba anatabasamu kwa upole, anatikisa kichwa: "Sijakupata, mwanangu. Hebu niambie na mimi nielewe." Na mtoto, kwa vile jambo lenyewe lilikuwa limemjaa, ama mwenzake kaangukia kwenye rangi, ama mwalimu kakalia chaki, alirudi nyuma, akatafuta maneno, akayapata. Asipoyapata alimkimbilia mama jikoni kuyaulizia. Kinyozi alikuwa akikaa pale kwenye kochi lililolegea upande mmoja, anasubiri kuambiwa jambo ambalo ameshalielewa zamani, na moyoni anafurahi.

Haikuwa rahisi, msidhani. Televisheni ilimtesa kupita kiasi. Kuna mchekeshaji mmoja wa nchi ile ambaye hata jiwe lingemcheka, na siku moja kinyozi akaangua kicheko kabla ya watoto. Binti akageuka.

"Baba, umeelewa?"

"Nimeelewa nini? Nacheka hilo shati lake."

Tangu siku hiyo, mchekeshaji akitokea, kinyozi alikwenda chooni.

Meno ndiyo yalikuwa kiboko. Gego lilipomuuma alikwenda hospitali na binti yake, wakati huo ana miaka tisa, miguu haifiki sakafuni akikaa. Daktari anasema fungua mdomo. Kinyozi, na maumivu yanampiga mpaka sikioni, anakaa na mdomo umefumbwa kama mjinga, anasubiri. Binti anageuka: "Baba, anasema ufungue mdomo." Ndipo anafungua. Daktari akasema sasa nitaingiza sindano, itauma kidogo. Mtoto akatafsiri: "Anasema kuna kitu kidogo, lakini wewe huogopi." Aliona kuwa mtoto amebadilisha maneno, akaona ni kwa huruma, na akalisimulia jambo lile kazini kwa majigambo, siku mbili mfululizo, kwa lugha ile ile ambayo mtoto alidhani haijui.

Ndipo yeye mwenyewe akaanza kumwita Wakili. Na jina likamfaa. Kwa mwenye nyumba, bomba likivuja, Wakili ndiye aliyesema. Dukani, kiatu kikirudishwa, Wakili. Wapangaji wenzao walipomsalimia kinyozi kwenye ngazi alitikisa kichwa na kuchekacheka, wakamhurumia, wakamwona mtu mnyonge asiyejiweza, wakawa wanamweleza mtoto mambo ya mzazi: mwambie baba yako takataka zinatolewa Jumanne. Mtoto alikuwa akiyachukua yote hayo, anayageuza Kiswahili, anayaleta. Na Kiswahili chake, hapo sitanii, kilikuwa safi. Mtoto aliyezaliwa ugenini alikuwa anajua kusema mtu amekula chumvi nyingi, anajua kumwambia mdogo wake asimletee za kuleta. Watu wa kwao walipowatembelea, walimsikia wakatazamana. Wao watoto wao walikuwa wanajua "shikamoo" na "sitaki", wamefunga.

"Mnafanyaje?" walikuwa wakimuuliza mama.

"Muulizeni baba yake," mama anajibu, na kuingia jikoni.

Swali moja tu ndilo lililowahi kumtoa kinyozi jasho. Wakili alimuuliza, baba, hao wateja unawaelewaje?

"Nywele hazina lugha, mwanangu. Mtu anakaa, ananionyesha kwa kidole."

Mtoto akaondoka, kumbe lile jibu limemkaa. Kesho yake, akitoka shule, akachukua kadi ngumu na kalamu za rangi akachora vichwa, kimoja kimenyolewa kipara, kimoja kina nywele juu pembeni hamna, kingine kina ndevu. Akampa baba yake. "Watakuwa wanaonyesha hapo, usipate taabu." Kinyozi akaipokea kwa mikono miwili. Akaipeleka kazini akaitundika karibu na kioo, wateja wakaisifu, wakauliza ni ya nani, naye akawaambia kwa ufasaha wote: binti yangu huyo, ana kipaji. Mkewe aliposikia kuhusu kadi ile, aliweka chini shati alilokuwa anashona kifungo.

"Inatosha sasa," akasema. "Mwambie."

"Bado mdogo wake. Kitinda ana miaka minne tu. Nikimwambia mkubwa leo, kesho mdogo anajua, na nyumba imekwisha."

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Ningekuwa namwibia ungesema. Mimi ninampa."

Mama akachukua shati lake. Akaliacha jambo hilo kama mtu anavyoacha sufuria jikoni akijua ni lazima ataisikia ikifurika.

Ikafika siku ya kuitwa shuleni. Wakili alikuwa na miaka kumi na mmoja, anakaribia kumaliza shule ile ya chini. Mama alikuwa zamu ya mchana, na kwenye ile dobi simu zinafungiwa kabatini. Kwa hiyo akaenda baba, na koti lake zuri, na wakili wake pembeni.

Walikaa darasani baada ya watoto wengine kutoka. Viti vilikuwa vya watoto, magoti ya kinyozi yalimfika kifuani. Dirishani kulikuwa na picha za rangi za maji zinakauka kwenye kamba. Mwalimu alikuwa mwanamke mpole, mwenye chaki kwenye mkono wa sweta, na kama wapole wote alimsemesha mgeni polepole na kwa sauti kubwa, utadhani anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mwalimu anasema asante kwa kuja," Wakili akasema.

"Mwambie nami namshukuru."

Mpaka hapo tafsiri ilikuwa ya haki. Mwalimu akaendelea. Akasema kuna shule ya bweni katika mji mwingine, shule ya watoto wenye vichwa vya hesabu na sayansi. Kila mwaka inachukua mtoto mmoja tu kutoka hapa. Mwaka huu amepata Wakili. Mtoto mwenyewe amekataa. Amesema baba yake hajui lugha, mama yake yuko kazini siku nzima, akiondoka yeye baba hatakuwa na wa kumsemea, hospitali atakwendaje, mwenye nyumba atamwambiaje. Mwalimu akasema yeye anaelewa, ni mtoto mwenye moyo, lakini nafasi kama ile hairudi, na hakutaka ipotee kwa neno la mtoto bila mzazi kuambiwa. Leo ndiyo mwisho wa kujibu.

Kinyozi alisikia kila neno. Lilimwingia moja moja. Akamgeukia binti yake, kama alivyozoea, kusubiri kuambiwa.

Wakili hakupepesa jicho. "Anasema masomo yangu si mabaya," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Ila nipunguze maneno darasani. Nimerithi kwako."

Hata mzaha aliutia. Kinyozi alimtazama mtoto yule, nywele zimesukwa na mama yake Jumapili, soksi moja imeshuka, anamdanganya baba yake machoni bila kutetemeka, na akajua alikojifunzia.

"Baba anasemaje?" mwalimu akauliza.

"Mwambie," kinyozi akasema, "mwambie nimefurahi."

Wakili akamgeukia mwalimu. Akasema, kwa lugha ya nchi, kwamba baba anashukuru sana, amefikiria, na ameona mtoto abaki nyumbani kwa sababu anamhitaji.

Mwalimu akashusha pumzi. Akasema ni haki yao, akasema inasikitisha, akachukua simu yake mezani ili awaarifu wale wa bweni wamchukue mtoto mwingine. Akaanza kutafuta namba.

Nataka uelewe kinyozi alikuwa na nini mkononi pale. Hakuwa na muda wa kwenda kumuuliza mkewe. Akikaa kimya, nyumba inabaki kama ilivyo: Kiswahili mezani, Kiswahili kitandani, Kitinda anafuata nyayo za dada yake, na mzee wake mwenyewe, siku akifa, ana watu wa kusimuliwa. Bei yake ni mtoto huyu kubaki ghorofa ya nne, kumtafsiria habari za takataka. Akifungua mdomo, mtoto anakwenda, na kila alichojenga kinaanguka juu ya kichwa chake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Lakini nitasema ukweli, hakufungua mdomo papo hapo. Alimwacha mwalimu aipate namba. Alimwacha aweke simu sikioni.

Ndipo akasema. Ikatoka lugha ya nchi, ile ile ya kazini, ya haraka, na lafudhi ya mtaani, na lile neno la wenyeji wanalotumia wakitaka kumzuia mtu kirafiki. "Subiri kwanza, mwalimu, weka chini hiyo simu. Mtoto atakwenda. Mimi ndiye baba yake na mimi ndiye ninayesema, atakwenda."

Mwalimu akaweka simu chini. Alikuwa amefumbua macho kama mtu aliyesalimiwa na kabati.

Wakili hakumtazama mwalimu. Alimtazama baba yake, mdomo wake kwanza, halafu macho, halafu tena mdomo. Kinyozi akaendelea kuongea na mwalimu kwa sababu hakujua kunyamaza kulianzia wapi. Akauliza bweni liko umbali gani, watoto wanarudi lini nyumbani, sare ni ya rangi gani. Mwalimu akajibu yote. Mtoto aliinama akapandisha ile soksi iliyoshuka, akachukua mkoba wake, akatoka nje.

Baba yake alimkuta kituo cha basi, amekaa ukingoni mwa benchi. Kinyozi akakaa upande wa pili. Palikuwa na mzee mwingine na mfuko wa vitunguu, basi lake likaja akaondoka, wakabaki wawili.

"Tangu lini?" Wakili akauliza.

"Kabla hujazaliwa."

"Mama anajua?"

"Anajua. Alinionya."

Mtoto akafikiri. Kinyozi aliona anafikiri, akaogopa, kwa sababu alijua kichwa kile kinavyofanya hesabu.

"Yule mama wa foleni ya hospitali," Wakili akasema. "Wakati wa jino. Aliyekuwa nyuma yetu. Alisema watu kama wewe mnakuja kujaza hospitali zao na hamna akili hata ya kujifunza kusema. Nikakwambia anasifu koti lako."

"Nakumbuka."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ukaniambia, mwambie asante." Sauti yake haikupanda. "Nikamwambia asante. Yule mama akacheka. Nilikuwa na miaka tisa, baba. Nilidhani nimesikia mimi peke yangu. Nikawa najiambia, afadhali yeye hasikii."

Kinyozi aliona aibu, aibu ile inayomshika mtu masikioni. Mwisho akasema kile alichokuwa nacho.

"Nilitaka uwe na lugha, mwanangu."

Wakili akasimama. Basi lilikuwa linakuja. Akamjibu kwa lugha ya nchi, mara ya kwanza tangu siku zile za kuanza shule. Alimwambia sawa, amesikia, na atoe nauli.

Mama alipoelezwa jioni ile hakusema nilikwambia. Wanawake wengine wangesema, na wangekuwa na haki. Aliinjika chai, akampa mtoto kikombe cha kwanza, cha baba akakiacha mezani ajimiminie. Kitinda, aliyekuwa na miaka sita sasa, ndiye peke yake aliyefurahi. Aliona ni mchezo mzuri kuliko yote. Alimfuata baba yake chumba hadi chumba akimtupia maneno ya lugha ya nchi, hili unalijua, na hili, na kinyozi akakiri moja baada ya lingine kama mshtakiwa. Akichoka, mtoto alirudi kwenye Kiswahili chake kwa sababu ndicho alichozoea kumwambia baba. Nyumba haikuanguka kumbe. Mtu alikuwa ameilinda kwa miaka kumi na moja dhidi ya kitu ambacho, kwa huyu mdogo, hakikuja.

Wakili akaenda bweni. Sare ilikuwa ya kijani. Alipiga simu kila Jumapili, na hapo ndipo kinyozi alipolipwa. Mama akishika simu, Wakili alisema Kiswahili, kile kile kitamu, na vijembe vyake, mpaka mama anafuta machozi kwa kucheka. Kitinda akishika, Kiswahili. Baba akishika, lugha ya nchi. Kwa adabu, bila kosa. Habari za masomo, habari za chakula, baridi ipo, nashukuru. Kama mtu anavyozungumza na karani wa posta. Kinyozi alijaribu kumjibu kwa Kiswahili, na binti akaendelea upande wake, kila mmoja na njia yake, mpaka salio linakwisha. Baadaye akaanza kumfuata kwenye lugha ile ya huko. Aliona afadhali wakutane mahali fulani. Akishamaliza, alikuwa akisimama mlangoni mwa jikoni, anasikiliza mwanawe akimsimulia mama yake habari zilizokuwa na nyama, kwa lugha aliyompa yeye.

Kazini walisema Redio imeharibika. Alinyoa vizuri kama kawaida, ila mteja aliweza kufika mwisho wa kichwa chake bila kuambiwa bei ya kitu. Siku moja yule fundi wa kuchomea vyuma, mvi tupu sasa, alikuja, akaiangalia ile kadi ya vichwa, akauliza watoto wanaendeleaje na Kiswahili.

"Wanakijua," kinyozi akasema. "Mkubwa anakijua kunizidi."

"Basi wewe umefaulu."

"Inamisha kichwa kidogo," kinyozi akamwambia.

Likizo ya kwanza Wakili akarudi, amerefuka, na sauti imekaa mahali pengine. Walikula wote wanne, jambo la nadra, mama amebadilishana zamu. Wakili akamwambia baba yake, kwa lugha ya nchi, kwamba huko bweni wamempa kazi ya kuwakaribisha watoto wageni, wale ambao hawajajua kusema.

Kitinda, kijiko mdomoni, akaruka kabla baba hajajibu. Nyumbani mwao mtu akimwambia baba jambo kwa lugha ile, mtu mwingine analigeuza. Alikuwa amekulia humo.

"Baba, dada anasema—"

"Usimtafsirie," Wakili akasema kwa Kiswahili, hakuinua macho kwenye sahani. "Anasikia."

Mama akaendelea kugawa mchuzi, polepole kuliko ulivyohitaji. Kinyozi akaweka kijiko chini. Angeweza kusema mambo mengi, na zamani angeyasema yote kwa mpigo. Aliyatafuta yaliyo ya kweli tu, na yakabaki machache.

"Nasikia," akasema. "Na siku ile hospitali nilisikia. Nilipaswa kumjibu yule mama mimi mwenyewe. Wewe ulikuwa mtoto."

Wakili akatafuna, akameza. Akamtazama baba yake, na safari hii hakumtazama mdomo.

"Ulipaswa, baba," akamwambia, kwa Kiswahili, kisha akamwomba mdogo wake amsogezee maji.